Sentensi Nzima

3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mikono inanuka sabuni hata nikiwa kitandani. Mama anaendeleaje tangu kile kiharusi? Ulimi umepata nguvu?

Mjomba, nina aibu. Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali wananiita Bi Najua. Juzi fundi wa pasi, mwenye kigugumizi, alinijia: "Bosi, ile ma-mashine ya kukausha i-ina..." Nikamkata: "Najua, imejaa. Punguza nguo." Kumbe alitaka kusema ina moshi. Alipokwenda kupunguza, ikamuunguza mkono. Wewe ulifundisha miaka thelathini. Nifundishe kusikiliza.

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole kwa sabuni. Huku hatujambo. Mama yako anakula vizuri. Maneno bado yanamtoka moja moja, lakini usijali, mimi namwelewa kabla hajafika mbali.

Sasa somo. Kusikiliza si kunyamaza tu. Hata kabati limenyamaza. Mtu akitua, usidhani amemaliza. Anatafuta neno, kama wewe unavyopapasa ufunguo mkobani. Hesabu mpaka tano kimoyomoyo. Tena usimpe neno lako, maana aliyechoka atalipokea hata kama silo, ili asikusumbue. Hilo la mwisho lipigie mstari.

Mjomba wako

2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Nilihesabu. Mara ya kwanza nilifika ishirini na moja! Fundi wa pasi akacheka: "Bosi, u-umelala?" Kisha akasema mpaka mwisho. Miaka miwili tuko pamoja, sikuwahi kusikia sentensi yake nzima.

Ndiyo maana Jumapili, nilipopiga simu, niligundua kitu. Mama alisema, "Mwanangu, nataka..." Ukadakia: "Anataka blanketi, baridi inamsumbua." Nikamsikia akivuta pumzi, halafu basi. Mjomba, usinikasirikie, lakini sidhani alitaka blanketi. Nakuomba umwulize, kisha umngoje.

Mpwa wako

29 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Kama uzima ni kula na kulala, basi sisi wazima. Nimechelewa kujibu. Kwanza nilikasirika. Nikakuandikia kurasa nne za maelezo, nikazichana. Kisha nikaanza kumngoja.

Kila siku baada ya chakula cha mchana navuta kigoda karibu na kiti chake. "Dada, ulitaka kumwambia mwanao nini?" Nahesabu tano, ishirini, mia. Midomo inamcheza. "Ka... Kaka, nataka..." Nami najiuma ulimi. Lakini hatafuti neno tena, mpwa wangu. Ananitazama mdomoni. Anangoja mimi nimalizie.

Leo adhuhuri jua lilikuwa kali, shati limenigandia mgongoni. Nilifika mia mbili. Mwishowe akatabasamu, nadhani alinihurumia, akasema: "Blanketi."

Nikaenda kulileta. Sikujua la kufanya jingine. Nikamfunika mpaka kifuani, akasema "Ahsante" wazi kabisa, bila kukwama hata kidogo. Sasa naandika nikiwa hapa kando yake. Jasho linamtiririka shingoni, na haniombi nilitoe blanketi.

Njoo. Sina la kukueleza.

Mjomba wako