Kengele ya Wenzetu

Mdogo wangu Subhija,

Plamu za huku ni kali, lakini jamu nimeipika kama mama alivyopika kwetu Foča. Goti bado linanisumbua.

Nimepewa binti wa kumlea kazini, Ajna, anayesomea shahada ya pili ya ualimu. Nisipompitisha, hahitimu. Unaijua shule yetu: paa moja, shule mbili tangu vita, sisi Wabosnia mlango wa mbele, Wakroati wa nyuma, na mapumziko hayakutani. Jumatatu Ajna alikosea kengele, akawatoa watoto wetu wakati wa wenzao. Nilipofika uani, wote walikuwa wanagombea mpira mmoja na kucheka.

Mkuu wetu akaniita.

“Mwalimu Razija, huyo binti wako kiziwi?”

“Kengele mbili, mkuu. Hata mimi huchanganyikiwa.”

“Usinitanie, bibi. Mwandike hafai. Ukimpitisha, utamfuata huko nje.”

Nimemwandika anafaa sana. Ajna alilia, akaapa hatarudia.

“Utarudia, mwanangu,” nikamwambia, “na safari hii kwa makusudi.”

Mimi na wewe tulishafungiwa mlango mmoja tulipofukuzwa Foča, Subhija. Mlango huo unatosha. Kesho kengele ya wenzetu ikilia, nitatoka na Ajna na watoto. Mpira nimeshanunua.

Dada yako asiyehama tena,
Razija