Mkono Wako Ulioingia Kwenye Picha

Trrr, trrr, kisha kimya. Hivyo ndivyo filamu yako inavyoanza, dada: cherehani inasikika kabla hatujaona kitu. Ni mwaka mmoja leo tangu ututoke, ukatuachia sauti hiyo.

Ulikuwa mpole kwa watu, mbishi kwa wakubwa wa televisheni. Mara tatu uliwapelekea filamu ya fundi cherehani, mara tatu wakataka uikatekate, matangazo ya sabuni yapite kila dakika nane. Ukawajibu, "Huyu mama hashoni kwa dakika nane." Ukarudi nyumbani kula kiporo umesimama, kamera begani.

Mdogo wako, mshairi aliyejifundisha mwenyewe, alimwonea fundi wivu, tusikufiche. Miaka minne ulishinda kwa fundi. Mashairi ya mdogo wako uliyasikilizia mlangoni, viatu miguuni. Alipokuomba utie moja kwenye filamu, ulicheka: "Filamu yangu haina msemaji, bwana mdogo. Mama anajisemea." Jibu hilo likamchoma kama mwiba.

Mwezi uliopita wakubwa wale walirudi. Walisema wataionyesha, mradi ile dakika ambayo fundi anahangaika kutia uzi kwenye sindano ifunikwe kwa shairi. Shairi la mdogo wako. Alikubali kabla hawajamaliza kusema.

Akaenda kwa fundi na filamu, ajaribu kusoma juu ya picha. Kwenye picha, uzi ulipokosa tundu mara ya sita, mkono ukaingia kutoka pembeni, ukautia. Mkono wako, na lile kovu la pasi. Wewe uliyetuambia mpiga filamu hagusi kitu, anatazama tu. Wewe uliyekimbia hata picha za harusi ya kaka. Kosa lako hilo moja ndiyo picha pekee tuliyo nayo, na mkono huo ulimpa fundi. Wivu wa mdogo wako ukawaka upya.

"Soma basi, mwanangu," fundi alisema. "Ila polepole, nimsikie anavyopumua."

Akasikiliza. Kweli, ulikuwa unapumua pale, nyuma ya kamera. Akaikunja karatasi ya shairi.

Tunakukumbuka sisi: mama, kaka, shangazi aliyekushonea mkoba wa kamera, mdogo wako, na fundi, ambaye mdogo wako amekubali, shingo upande, aandikwe hapa. Siku zote tutakuwa nawe moyoni.

Na leo, tulipokusanyika kwa fundi, mdogo wako alimwambia, sote tukisikia: "Mama, sisomi kitu hapo. Wasipoitaka hivyo ilivyo, nitatundika shuka hapa uani kwako, niionyeshe mwenyewe."