Super Yangu na Moyo wa Baba Vinny

Jumatatu, Februari 1996. Jua limeamka na hasira zake, na uji wote umeisha kabla ya saa tatu. Nimekaa nyuma ya kibanda changu hapa stage ya matatu ya 56, naandika.

Baba Vinny yuko hai.

Nianze na hilo. Mume wangu yuko nyumbani, na najua saa hii amerudi kukoroma kama landlord. Na kwa kuwa wewe daftari huna mdomo, nikwambie ukweli: jana nusura nimuue kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku sita za wiki yeye ni fundi wa mjengo, na Jumapili ni winga wa timu yetu ya Kawangware. Ana miaka thelathini na sita, lakini mwambie apumzike uone. Mwaka jana nilikuwa nikifua nguo kwa tajiri mmoja Lavington. Alikuwa akitoka kucheza tenisi anakunywa kitu cha rangi kwenye chupa. Nikauliza ni nini. Akasema ni maji, sukari kidogo na chumvi kidogo, ya kurudisha jasho.

Mimi nilisikia sukari tu. Chumvi kwenye kinywaji niliona ni mambo ya matajiri. Kwetu kule ziwani heshima ya mgeni hupimwa kwa sukari, na mume akipewa chai isiyo tamu anajua kuna kesi nyumbani. Basi nikatengeneza yangu: kahawa nyeusi iliyochemka hadi ikawa lami, soda nyeusi, glukosi ya chemist pakiti nzima, na sukari juu yake. Vijana wakaionja, wakaibatiza Super, kama petroli. Mimi wakaanza kuniita Daktari, na kichwa kikavimba.

Jana tulicheza Kibera na vijana wa kijiji cha Raila, kule kule Kibera. Baba Vinny hakula kitu tangu asubuhi, maana anaamini tumbo tupu ndilo linalokimbia. Alikunywa vikombe viwili vya Super kabla ya mechi na kingine wakati wa mapumziko. Maji hakugusa. Kipindi cha kwanza alikimbia kama aliyefukuzwa na mbwa. Cha pili kilipoanza tu, alisimama katikati ya uwanja, akashika kifua, akatapika, akaanguka.

Kapteni wetu, Wanjala, alikuwa na jibu tayari. "Hawa wasee wametufanyia kitu! Wamezika dawa kwa goli!" Vijana wetu wakaokota mawe. Wale wa Raila nao wakaokota yao.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza.

Nilikuwa nimeshika jagi la Super mkononi, na moyoni nilishukuru kwamba kuna mchawi wa kulaumiwa.

Tulimkimbiza kliniki ndogo iliyo karibu na uwanja, Wanjala akimbeba upande mmoja na kijana wa Raila upande wa pili. Wenzao walitufuata wakabaki nje, mawe mikononi. Nesi, mama mmoja mnene asiyecheka, alimshika mkono akahesabu mapigo, akakunja uso. "Amekula nini? Amekunywa nini?"

"Sister, huyu amerogwa," Wanjala akasema.

Nesi alimgeuzia mgongo. Alinitazama mimi. Midomo ya Baba Vinny ilikuwa imekauka, na shati lilikuwa likirukaruka juu ya kifua. Baba yake alikufa shambani akiwa ameshika kifua vivyo hivyo. Nikaweka jagi mezani, nikasema ni mimi, nikamtajia kila kitu.

Alilinusa jagi, akatikisa kichwa, akamtundikia dripu. Alinieleza kwamba kahawa yote ile huufanya moyo ukimbie hata mwenyewe akiwa amelala. Kwamba utamu ukizidi, maji hukawia kuingia mwilini, na jasho lilikuwa limeshaondoka na chumvi yake. Kisha akauliza nafanya kazi gani. Nikasema nauza uji.

Hapo ndipo alipocheka. "Uji unapea macustomer, bwana yako unampea lami?"

Mganga hajigangi, kumbe. Alisema anywe uji masaa mawili matatu kabla ya mechi, na maji wakati wa kucheza, basi. Moyo ulipotulia akausikiliza tena, akasema haoni ubaya, ila arudi Ijumaa. Nililia mbele ya watu wote bila haya. Kisha nikatoka nje nikawaambia vijana wa pande zote mbili kwamba mchawi ni mimi. Mawe yakadondoka moja moja.

"Aki Mama Vinny," Wanjala akaniambia, "si ungesema mapema? Tungeuana bure."

Nikaenda nikaimwaga Super iliyobaki.

Leo alfajiri, kabla sijatoka, nilimpa uji, kisha chai ya kijiko kimoja cha sukari. Yeye huwekewa vinne. Akaonja, akashusha kikombe, akaniangalia kwa unyonge.

"Mama Vinny, kwani umenikasirikia?"

Nilicheka hadi machozi. Niliketi kitandani kando yake nikaweka mkono kifuani pake. Moyo ulikuwa ukienda polepole, hauna haraka na mtu. Nikamwambia amalize chai yake, sijawahi kumpikia nyingine kwa mapenzi kama hiyo.