Modem ya pa dirisha

Céline, usinipigie, Jérémie atasikia. Soma tu.

Unakumbuka vile nilikuwa nakulilia, tangu vita ifike Goma kwa mama, sikupata hata neno moja yake? Tulipiga na simu yako, haikupita. Yangu haishike tena SIM, inaishi na wifi tu, na Jérémie, bwana yangu, alisema réseau ya internet ilikatika juu ya vita.

Haikukatika. Céline, haikukatika.

Leo alienda kazi, mi nikafungua page ya modem vile yeye anafanyaka. Nikakuta profil mbili za kushika internet. Moja ni ile yetu ya zamani. Ingine aliitengeneza yeye, jina ya réseau aliiandika mubaya makusudi, na njo ile aliacha inatumika. Mataa yote inawaka verte, rangi ya majani, lakini hakuna kitu inapita.

Nikachagua ya zamani, nikafinya "Appliquer", ianze kutumika.

Simu ikaanza kutetemeka mu mukono. Mama. Mama. Mama tena.

"Olive, tuko pa njia na batoto. Tukuye kulala kwako?"

Na ya mwisho: "Tulimupigia Jérémie, anasema weye mwenyewe ulikatala tukuye. Hatukukasirikii, mwanangu."

Mi? Mi nilikatala mama?

Na ni yeye alikuwa ananisaidia kila asubui kupandisha modem pa dirisha, eti réseau itashika muzuri.

Mama nimeisha kumujibu: mukuye.

Sasa hivi Jérémie amerudi. Ananiuliza kama réseau ilirudia. Nikamuambia bado.

Céline, yeye iko anapandisha modem pa dirisha.