Ini Langu, Moyo Wako na Njia ya Sabaki

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Wewe ulikuwa ukiitikia "marahaba" kabla sijamaliza kusema, kisha hapo hapo unauliza, "Umekula?" Miaka yote niliyokaa nyumbani kwako Mambrui sikuwahi kujibu "ndiyo" nikaaminiwa.

Nilipomwoa Zuhura wako nilikuwa fundi wa kushona, kijana mwembamba kutoka Kikambala. Ulinitazama siku ile ya kwanza ukamwambia mwanao, "Mume huyu upepo utamchukua." Ukaanza kazi. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Mchana wali na samaki wa kupaka, na sahani yangu waipakua mwenyewe. Adabu haikuniruhusu kumkatalia mkwe wangu, na tumbo langu, nikiri, halikutaka kukataa. Kutwa nzima nilikuwa nimeketi kwenye cherehani ya umeme, hata miguu haikanyagi. Kila Idi nikifumua suruali zangu nizipanue, na magauni yako pia. Tulinenepa pamoja, tukicheka.

Kisha miguu yako ikaanza kuvimba. Kutoka jikoni hadi uani ulikuwa ukipumzika mara mbili. Mimi na Zuhura tukakupeleka hospitali Malindi. Daktari, binti mmoja wa bara, alipomaliza kukupima wewe akanigeukia mimi. "Na wewe baba, hebu panda mizani." Nilikwenda kumsindikiza mgonjwa, nikajikuta nimelazwa kitandani napigwa picha ya tumbo.

"Ini lako lina mafuta mengi," akasema.

Zuhura alinitolea macho. "Ini? Kwani wanywa pombe wewe?"

Nikaanza kuapa. Wewe, na pumzi zako za kuhesabu, ukanikata kauli: "Mwache mwanangu. Huyu hanywi. Huyu hula. Nampa mimi!"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatueleza taratibu. Chakula kinachozidi haja, mwili hukigeuza mafuta ukayaweka akiba. Akiba ikijaa, mafuta yahamia pasipo pake: kwenye ini, ndani ya misuli, hata kuuzunguka moyo. Misuli iliyokaa bure haiyachomi, na sukari nayo yabaki damuni kwa kukosa pa kwenda. Moyo nao wasukuma damu kwa nguvu zaidi katika mwili mzito, siku baada ya siku, hadi unachoka. Wako ulikuwa umeshachoka, ukaandikiwa dawa za kila siku. Ini langu, akasema, bado laweza kupona nikipungua na nikiinuka kwenye kile kiti.

Njiani kurudi, ndani ya tuktuk, ulikunja na kukunjua ncha ya leso yako. Kisha ukasema kwa sauti ndogo, "Kumbe nimekulisha mpaka nimekuumiza." Nikatazama barabara.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, ukagonga mlango. "Mwanangu, toka. Twende tukatembee."

Mtu na mkwewe, njiani, wawili tu! Nilitembea nyuma yako hatua kumi kwa heshima. Ukasimama, ukageuka. "Wanichunga? Mimi mbuzi? Njoo hapa!"

Wiki ya kwanza tulifika msikitini tukarudi. Baadaye tukafika kwenye minazi, kisha mashambani, pole pole, wewe ukipumzika kila unapotaka na kumsalimu kila mtu. Wakituuliza, "Mwaenda wapi?" ulikuwa ukijibu kwa fahari, "Twapunguza mafuta!" Jioni moja mama mmoja wa huko mashambani akaja na chupa tupu mlangoni. "Nimesikia mwapunguza mafuta. Sasa ni bei gani?" Ulicheka ukakaa chini kizingitini, na yule mama akakaa nawe. Siku ya pili alikuwa anatembea nasi.

Jikoni nako ukabadilika. Tui likawa jepesi, mchicha ukaongezeka, samaki akachomwa. Lakini kunipakulia kidogo kulikutesa. Siku ya Idi ulinipenyezea hamri chini ya kawa ya kufunikia sahani, Zuhura akatufuma, akatugombeza sote wawili kama watoto wa chuo cha Kurani.

Na ile asubuhi tulipofika mahali ambapo maji mekundu ya mto Sabaki yanaonekana, nilipata ulimi wa kujibu lile neno lako la ndani ya tuktuk. Nikakwambia, "Mama, hukuniumiza. Ulinipenda kwa njia uliyoijua." Ulijifuta uso kwa leso, ukasema, "Haya, basi tembea, jua litatuchoma."

Moyo wako ulikwenda nasi karibu miaka miwili. Daktari ameniambia kwamba kutembea hakukuweza kuufanya upya, lakini kulikupa siku za kupumua vizuri. Nilizishuhudia. Ulikuwa ukisema maneno mengi kwa pumzi moja!

Ulipotutoka, mwezi mzima sikutembea. Nilirudi kwenye kiti changu, na mahamri yakarudi nami. Ndipo Zuhura akajifunga leso kiunoni asubuhi moja, akanivuta mkono. "Mama alikuwa akigonga mlango. Mimi sigongi." Tangu siku hiyo twatembea pamoja, naye aenda kasi kuliko wewe, hasalimii mtu.

Juzi tulirudi hospitali kupiga picha nyingine. Daktari ni yule yule. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. "Mafuta yamepungua sana," akasema. "Ini linakaribia kuwa sawa. Endelea hivyo hivyo."

Zuhura hakungoja tufike nje. Alipiga vigelegele pale pale ukumbini, mpaka wagonjwa wakainuka kwenye viti. Mlinzi akaja mbio.

"Hongereni! Amezaliwa mtoto gani?"

"Mume wangu," akajibu mwanao.

Tumekuombea dua, Mama, na wajukuu wakaitikia amina kwa nguvu. Mungu akulaze pema.

Mkweo,
baba yao wajukuu zako