Muti ya Mama Gertrude

Chancelle, sikia upumbavu ya leo. Shefu wa serikali wa mazingira na watu ya ONG, shirika ya misaada, walikuja ku kambi yetu ya wakimbizi hapa Bunia kugawa miti ya kupanda.

Miti! Kwa watu wenye hawana hata pa kulala.

Mama Gertrude, jirani yangu, akawauliza: «Siye tulikimbia Djugu. Tupande wapi?»

Shefu akamujibu: «Panda kwako, mama.»

Panda kwako. Kule Djugu milisia, wale wenye bunduki, walichoma kila nyumba. Alisema vile bila haya, na wale wa ONG wakapiga makofi, wakapiga picha, wakaenda na jeep yao.

Mama Gertrude akabeba muti ku makaburi, akaipanda pembeni ya mutoto wake mwenye tulizika juzi.

Akaniambia: «Mu Bunia, kwangu ni hapa tu.»