Simsim Chini ya Meza ya Alkhamisi

Zuwena, mwanangu,

Anayekuandikia ni ami yako Seif, na kama huko uliko khabari zinafika basi ushasikia kwamba mtaa wetu huu wa Azaiba siku hizi hauna mtu mkubwa kuliko mie. Mkahawa ule wa pwani hauwashi jiko mpaka gari yangu ionekane. Mudir, msimamizi wa pale, akiniona huweka simu chini, husimama, hufunga kifungo cha shati. Wazungu wanaokuja na mbwa wao hunipisha njia, na hao mbwa wenyewe, wallahi, hulala mmoja mmoja nnapopita, kama gwaride. Mtu aliyeishia darasa la sita Unguja! Baba yako, Mola amrehemu, kasoma mpaka akachoka yeye wakachoka na walimu, na hajapata kuamkiwa na mbwa hata mmoja.

Nnajua marehemu haandikiwi barua. Dua nnakuombea kila sala, usije ukadhani nimekuacha. Lakini haya ya mkahawani hayaingii katika dua. Nitamwambiaje Mola khabari za mbwa na mishkaki? Ndiyo nikachukua karatasi.

Mama yako yu mzima. Anakula kidogo, analala kidogo. Chumba chako anakifagia mwenyewe, hataki mtu amsaidie. Aliyemshinda ni Simsim. Siku saba za mwanzo mbwa wako alilala langoni, pua kaitia kwenye uwazi wa chini ya geti. Gari yoyote ikipunguza mwendo, anasimama. Ikipita, anajilaza tena. Mama yako akiona hivyo anaingia ndani, anajifungia.

Siku ya nane akaniita. Kasimama ukumbini na mtandio wake, akanambia: "Shemegi, mie sina ugomvi na kiumbe cha Mungu. Lakini simwezi. Ananitazama kama mie ndiye niliyemficha mtoto. Mtafutie watu kabla ya arubaini, ama mrudishe Rusayl alikotoka."

Rusayl unaijua. Wewe ndiye uliyemuokota kule nyuma ya ghala letu, katikati ya matairi, kitoto cha mbwa rangi ya ufuta, sikio moja limechanika. Ulikuja kuniletea chakula tu siku ile. Mie nikataka afukuzwe. Watu nimewahadithia kwamba siku hiyo nilipigana na mbwa saba kwa mikono mitupu, na jemadari wao nikamshika taya. Wewe ulikuwepo. Unajua walikuwa wangapi, na hukunisahihisha hata mara moja mbele za watu. Ulikuwa unanyanyua kikombe tu, unakunywa.

Ukampeleka nyumbani. Nikaapa mbele ya mama yako kwamba sitii mguu nyumba ya ndugu yangu maadamu mbwa yumo. Nikasema nyumba yenye mbwa malaika hawaingii, na wasipoingia malaika mie nitaingia kufanya nini? Nilidhani utalia, umtoe. Mie ndiye niliyebaki mahala pa baba yako, nani angenipinga? Wewe ukanambia, "Basi ami, tutakutana nje."

Ndiyo ikawa kila Alkhamisi baada ya alasiri, meza za nje za mkahawa ule, kwa sababu ndipo wanapoachia watu waje na mbwa. Wewe kiti cha kwanza, Simsim chini yake, mie kiti cha tatu, kanzu nimeikunja mpaka magotini kama mtu anayevuka maji. Ulikuwa unatandika kile kijamvi chake cha kijani, kamba unaipitisha kwenye mguu wa kiti, unamwambia kwa sauti ya ndani kabisa, "Kaa kitako." Anakaa. "Tulia." Analala. Sinia za samaki zinampita juu ya pua. Watoto wanaangusha chipsi. Paka wa pwani, wale wasiomwogopa mtu, wanakuja kujinyoosha mbele yake. Yeye kimya, macho nusu, kama mzee anayesikiliza khutba.

Mie nikasema bahati tu. Ukacheka. "Ami, huyu anajua kwamba yupo mkahawani. Wewe ndiye hujui, unavyopiga kelele."

Ulipoanza kuumwa ulikuwa unakuja na shali. Alkhamisi ya mwisho kikombe hukuweza kukishika, Harriet, yule mhudumu wa pale, akakuletea mrija. Siku hiyo Simsim alitoka kwenye jamvi lake akaja kuweka kidevu juu ya mguu wako. Hajapata kufanya hivyo hata siku moja pale. Nikataka kusema. Ukanitazama. "Mwache, ami." Basi.

Na mie, Zuwena, nyumbani kwenu sikuja. Siku zote ulizolala kitandani, sikuja. Nilipiga simu, nilileta matunda mpaka getini, nilituma uji. Nimeapa, na mtu kama mie akiapa kaapa. Nilikuja kuingia siku ya maziko. Malaika sijui, lakini mie niliingia.

Nisimame hapa kidogo.

Haya. Nikatafuta watu wa kumchukua Simsim. Kwa jina langu lilivyo ungedhani watapanga foleni. Aliyekubali ni mmoja, yule Bi Karin uliyekuwa ukifanya naye kazi, anayekaa Madinat Sultan Qaboos na mumewe. Wazuri watu wale, kaja kwenye msiba kajitanda vizuri kuliko wenyeji wengine. Akanambia wao hula nje karibu kila siku, na mbwa wanayemtaka ni wa kwenda naye. "Nitampenda," kasema, "lakini kwanza nimwone mkahawani, ana tabia gani." Nikamwambia bibi wee, mie nishafunza farasi wa mashindano, mbwa ni nini? Tukaahidiana kukutana Alkhamisi ya mwisho kabla ya arubaini. Akifaulu ana nyumba. Asipofaulu, Rusayl, kwenye matairi.

Nikawa nnamchukua kila siku kwenda naye mkahawani, kumfanyisha mazoezi. Kamba niliishika na glavu ya gereji. Kwenye buti la gari nikaweka kopo la mchanga safi na dumu la maji, ili akinigusa tu niende nyuma ya mtende nikajioshe mara saba, moja ya mchanga, kama tulivyofundishwa. Siku ya kwanza nilijiosha mara nne, yaani ishirini na nane. Watu walidhani nna ugonjwa.

Nikaagiza mishkaki. Simsim kalala chini, lakini macho juu. Ananitazama. Sasa wewe unajua tulivyolelewa. Sisi, ukila na mtu anapita njiani, unamwita, hata humjui. Kula mbele ya jicho la mwenzio bila kumkaribisha, chakula hakishuki. Bibi yako alikuwa akifunga mlango kabisa siku ambayo chungu hakitoshi. Leo nikae nitafune vijiti viwili na kiumbe ananihesabia? Nikamwambia karibu, nikampa kipande. Kesho yake viwili. Siku ya tatu nikamwagizia sahani yake.

Siku ya nne Simsim akafahamu kwamba ada ya pale imebadilika, na kila anayekula ni ruhusa kumzuru. Mie nimenyanyuka kwenda kunawa, yeye kaondoka na kiti changu kimefungwa kwenye kamba, kinamfuata nyuma kinagonga kila meza. Kaenda kwa Wazungu, wamempapasa. Kaenda kwa familia moja ya watu wa Nizwa, kaweka kidevu kwenye mapaja ya bibi yao, polepole, kwa heshima zote. Bibi yule na umri wake kapanda juu ya kiti! Wanaume wamekunja kanzu, watoto wanacheka, mie nakimbia nnaita "Simsim! Simsim!" kama muuza ufuta. Hapo ndipo mudir alipoanza kunijua. Kaja na kifungo chake. "Ya haj, mara moja tena, khalas. Mbwa huyu haingii tena."

Aliyeniokoa ni Harriet. Unamkumbuka alivyo, Mganda yule, hasemi sana, lakini akisema anaweka trei chini kwanza. "Baba, samahani, wewe ndiye unamharibu. Madamu Zuwena hakumpa hata mkate hapa. Alikuwa anamlisha nyumbani kwanza, anatembea na yeye mpaka achoke, halafu ndiyo wanakuja. Na usimpigie kelele, Baba. Hayuko kiziwi."

Mie, kuambiwa! Lakini nikafanya. Nikawa nnakwenda kwenu kabla ya alasiri kumlisha uani. Tunakwenda mchangani mpaka ulimi unaning'inia, wake na wangu. Halafu jamvi, halafu kamba mguuni mwa kiti. Ikabaki sauti. Nikagundua mie sauti ndogo sina, sijapata kuwa nayo. Nikaifanyia mazoezi ndani ya gari, madirisha nimefunga, nnaambia usukani kaa kitako, kaa kitako. Siku niliyoipata, nikamwambia pale mezani, taratibu, kama ulivyokuwa ukisema wewe. Simsim akanyanyua masikio yote mawili, lile zima na lile lililochanika. Hakunitazama mie. Akatazama nyuma yangu, kule kwenye njia ya kutokea magari. Akangoja. Halafu ndiyo akakaa.

Nilikwenda nyuma ya mtende siku ile na wala hajanigusa.

Baada ya hapo akawa Simsim wako. Nikila hanitazami. Nami nikajifunza kumeza, ingawa mpaka leo tonge la kwanza linanikwama.

Ikafika Alkhamisi ya Bi Karin. Wamekaa, yeye na mumewe, wamependeza, wameleta na kikapu cha kulalia ndani ya gari. Simsim jamvini. Harriet kaangusha vijiko makusudi, kile kishindo chote, mbwa kapepesa jicho moja. Mtoto kapita na aiskrimu inadondoka, hakuna. Bi Karin akainama, akajaribu kwa ulimi wake ule, "Kaa kitako," na Simsim, aliyekuwa kalala, akanyanyuka akakaa wima, kwa adabu. Bi Karin akapiga makofi. Machozi yamemlenga. Akasema wanamchukua siku hiyo hiyo, hawana la kungoja.

Yaliyofuata Azaiba nzima inayo, kwa sababu nimeihadithia mwenyewe. Kwamba alitokea paka, mkubwa kama beberu, akashuka juu ya mtende, akaruka juu ya meza yetu, sahani ya mishkaki ikapaa, Simsim naye akapaa. Meza ikalala. Sharubati ya embe yote ikamwagikia Bi Karin, toka kifuani mpaka viatuni. Mumewe kasimama na kitambaa, hajui aanzie wapi. Bi Karin ni muungwana, hakusema neno baya, kasema tu kwamba labda wao wanahitaji mbwa aliyetulia zaidi. Wakaenda zao na kikapu chao.

Mama yako akanambia, "Basi Rusayl." Nikamwambia nimweke kwangu uani kwa muda, nikitafuta watu wengine. Akanitazama mpaka nikaona haya. "Wewe, Seif? Wewe uliyeapa?" Mie. "Mpaka lini?" Mpaka nipate watu. Tumeshapita arubaini, khitma imesomwa, watu walijaa mpaka nje. Watu wengine sijawatafuta.

Alkhamisi tunakwenda, mie na Simsim. Mudir nilimwomba sana, na nisikufiche, kwa siku mbili nilikuwa nnamfuata mpaka kwenye gari lake. Amekubali, ila katuhamishia meza ya mwisho, ile ya ukutani karibu na jiko. Nimewaambia watu ni meza ya heshima. Kamba naishika kwa mkono mtupu sasa, glavu sijui nimeitia wapi. Nnajiosha nikifika nyumbani, mara moja, saba zake, basi.

Alkhamisi iliyopita mama yako kaja. Hakusema kama atakuja. Kakaa kiti cha tatu, abaya kaikusanya mapajani, Harriet kamletea chai ya tangawizi. Wakati wa kuondoka kainama kidogo, akamwambia Simsim, "Na wewe unamkumbuka, eh?" Hakumgusa. Lakini kamsemesha.

Basi mwanangu, nisikuchoshe. Nnakuahidi: nitamlisha kabla hatujatoka, nitatembea naye mchangani hata magoti yakikataa, na sitampigia kelele mbele za watu. Maadamu nna pumzi, Rusayl harudi. Mola akupanulie kaburi lako, akutie nuru, akusamehe, na akulipe kwa kunistahamilia. Nyumba yenu sasa nnaingia, mama yako anajua. Chumba chako bado, sijaweza.

Ila kuna neno moja nimewaficha watu wote, na wewe ndiye hujapata kunisahihisha, kwa hivyo nitalisema kwako. Paka hakupita. Walivyosema wanamchukua siku ile ile, mie niliangusha kipande cha nyama chini ya meza. Simsim alikitazama, akanitazama, akageuza uso. Mtoto wako ana adabu, Zuwena. Ilibidi nikisogeze kwa mguu mpaka puani kwake, na alivyokuwa bado anakataa, meza niliipindua mwenyewe.

Ami yako,
Seif